Wanaosikilizana Kabla ya Kupiga

Okestra ndogo mara nyingi haina mtu wa kusimama mbele na kupunga kijiti. Wapigaji kumi na watano, pengine ishirini, hukaa nusu duara, na mwanzo wote wa wimbo huwa kwenye pumzi ya mmoja wao. Kiongozi wa violini huinua kidogo kichwa cha ala yake, huvuta hewa puani, na urefu wa pumzi ile ndio mwendo wa muziki. Akivuta upesi, wimbo utakwenda mbio. Akivuta taratibu, mpiga selo kule pembeni anajua kwamba upinde wake una nafasi ya kutembea. Hakuna anayehesabu kwa sauti. Aliye nyuma ya ukumbi haioni hata hiyo pumzi. Husikia tu wameanza kama mtu mmoja.

Nimeutazama ufundi huu ukifundishwa Korogocho, kwenye uwanja wa kanisa Katoliki la Mtakatifu Yohana, ambako Ghetto Classics, mradi ulioanzishwa na Elizabeth Njoroge mwaka 2008, huwafunza watoto muziki. Dampo la Dandora liko jirani, na upepo ukigeuka, moshi wake humfikia mpiga tarumbeta kooni. Mwalimu wa violini alikuwa msichana ambaye yeye mwenyewe alijifunzia pale pale akiwa mdogo. Alikuwa akifunza watoto wanne. Mmoja alikuwa ameukamata upinde kwa nguvu, kidole gumba kimenyooka kikakakamaa. Mwalimu hakumkemea wala hakueleza neno. Alipitisha kidole chake chini ya gumba lile, akalisukuma polepole mpaka likapinda, akakiacha kidole hapo wakati mtoto anavuta upinde mzima kutoka mwanzo wake hadi ncha. Sauti ikabadilika. Ilikuwa ikikwaruza, sasa ikatulia.

Kisha wakarudia mwanzo wa wimbo, noti nne tu. Watoto walikuwa wakivikodolea macho vidole vyake. "Msitazame vidole," aliwaambia. "Nisikilizeni ninavyopumua." Wakaanza, wakakosa, mmoja alitangulia. Wakarudia tena na tena, na hakuna aliyechoka, kwa sababu naye hakuonyesha kuchoka. Saa nzima kwa ajili ya noti nne! Nani leo ana subira hiyo?

Nairobi haijakosa muziki wa namna hii. Konsavatori ya Muziki ipo tangu 1944, Nairobi Orchestra ni ya miaka mingi, na tangu 2014 Safaricom wana okestra yao ya vijana. Lakini kati ya vijana wanaopiga ala hizi, ni wachache wanaoishi kwa muziki peke yake. Wengine wako ofisini kutwa, wengine madarasani, na mazoezi yanakuja jioni baada ya msongamano wa matatu. Tamasha lao ni zuri, nalo watu hulipigia makofi. Mimi ninachokisifu ni Jumamosi yao, ile siku ambayo wangeweza kulala, na badala yake wanabeba violini waende kupinda gumba la mtoto wa watu.

Nasema haya nikitokea Ndithini, huku Masinga, mahali ambapo kufundishana muziki kwa kukaa ubavuni kulikuwa jambo la kawaida. Wanawake wa kilumi, ngoma yetu ya Wakamba, hawakuwa na shule. Msichana alikaa karibu na ngoma ya bibi yake mpaka mkono wake ukajua pa kunyamaza. Kakai Kilonzo, aliyeipa bendi yake jina la mlima wetu wa Kilimambogo, alifariki 1987, na hadi leo ukisikiliza magitaa yale utayasikia yanavyopishana: moja linasema, lingine linangoja limalize. Mtu hajifunzi kungoja namna hiyo akiwa peke yake chumbani na simu.

Shuleni tulikuwa na mwalimu wa solfa. Asubuhi alijaza ubao d na r na m, nukta na vistari, chaki ikimwangukia kwenye mikono ya koti. Tulipoimba hakusimama mbele. Alipita katikati ya mistari akiwa ameinama, sikio lake karibu na vinywa vyetu, na akimsikia mtoto wa sauti ya pili anayumba, hakumtoa nje. Alimhamisha akamweka katikati ya wawili walioshika vizuri, akaendelea na safari yake. Wiki mbili baadaye mtoto yule alikuwa ameshika, naye sasa anashikilia mwingine. Tulikuwa tukijiandaa kwa Tamasha la Muziki la Kenya, ambalo limekuwapo tangu 1927. Mara nyingi tuliishia ngazi za chini. Lakini tuliporudi nyumbani kwenye lori tuliimba sauti nne, gizani, bila mwalimu, na hakuna aliyempoteza mwenzake.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 muziki ukatolewa kwenye mtihani wa darasa la nane, na kisichotahiniwa hakifundishwi. Saa yake ilichukuliwa na hesabu. Mtaala mpya umeurudisha kwenye karatasi tu. Kila mzazi ametakiwa kununua rekoda ya plastiki, na amenunua, hata yule ambaye mahindi yake yamekauka. Nimesimama nje ya darasa nikasikia watoto hamsini wakipuliza kwa pamoja, kila mmoja na lake, mwalimu ameketi na kitabu cha alama. Simlaumu. Naye hakuna aliyewahi kumpindia kidole. Ninaowalaumu ni wanaodhani kwamba ukishagawa ala umekwisha kufundisha.

Kutoka Thika hadi Nairobi ni chini ya kilomita 50, na kutoka kwetu hadi Thika watu huenda sokoni na kurudi siku hiyo hiyo. Mtu mmoja mwenye violini angefika kabla ya saa nne asubuhi. Hakuna anayemleta, lakini sikukuu zikija, fedha za spika hupatikana, spika kubwa za kutingisha mabati, na nyimbo hutoka kwenye flashi. Wanawake wa kilumi hualikwa wacheze dakika tano mgeni rasmi akishuka garini, kisha huambiwa wakae. Hakuna mtoto aliyewekwa karibu na ngoma zao. Mwalimu wa solfa alistaafu, na aliyeletwa mahali pake ni wa sayansi.