Fundo Ndani ya Ufa

Kabla hata ya kufungua mkoba, mwenyeji wangu alipiga magoti chini ya mnara wa jiwe tuliokuja kuukwea, akafukua mchanga kwa vidole, akauchota na kuufinya kiganjani. Ukamwagika. Ungeshikamana tungerudi nyumbani, ingawa tulitoka Dresden kwa treni ya alfajiri, tukashuka Bad Schandau, kisha tukakata msitu kwa miguu zaidi ya saa nzima bila kukutana na mtu. Mvua ilinyesha juzi yake. Jiwe la mchanga likinywa maji huishiwa nguvu, na linaweza kukauka usoni huku ndani bado limelowa. Kishikio kilichobeba vizazi vya wakwezi hukatikia mkononi mwa yule mmoja aliyeshindwa kungoja siku mbili.

Minara hii ya bonde la Elbe, mashariki mwa Ujerumani kwenye mpaka wa Czech, ilikuwa mchanga wa chini ya bahari miaka kama milioni 100 iliyopita. Maji na baridi vimeichonga hadi zikabaki nguzo zilizosimama peke yake katikati ya miti, na zinazoruhusiwa kukwewa zinapita 1,100. Mwaka 1864 vijana watano wa chama cha mazoezi ya viungo cha Bad Schandau walifika kilele cha Falkenstein, wakijisaidia kwa vifaa. Mwaka 1874 watu wawili wakafika juu ya Mönchstein kwa mikono na miguu tu, na hapo ndipo wenyeji wanapoanzia kuhesabu historia yao.

Kanuni zao zilichapishwa na Rudolf Fehrmann katika kitabu chake cha mwaka 1913, na roho ya kanuni hizo ndiyo inayofuatwa hadi leo. Kamba ni ya kukudaka ukianguka, si ya kujivutia. Ule unga mweupe ambao wakwezi wa kwingine hupaka viganja ili visiteleze, hapa ni marufuku. Marufuku pia kutia chuma ndani ya ufa, kwa kuwa chuma hutafuna kingo za jiwe laini. Chuma pekee unachokikuta njiani ni pete nene, kwa kawaida iliyochomekwa na mkwezi wa kwanza wa njia hiyo, naye aliitobolea tundu huku amening'inia, akitokea chini. Kati ya pete moja na nyingine mtu anaweza kwenda mita nyingi. Zipo njia zisizo na pete hata moja.

Kwa hiyo kinachobaki cha kushika kamba ni fundo.

Mwenyeji wangu, mama mwenye umri wa kunipita kwa miaka thelathini, alijivika begani vitanzi kama ishirini vya kamba za unene tofauti, kila kimoja na fundo lake: lile dogo kama punje ya njugu mawe, lile kubwa kama ngumi ya mtoto. Alipofika mita sita juu yangu, alichomeka mkono wa kushoto ndani ya ufa, akaukunja ngumi ili ubane, na mwili wake wote ukauning'inia. Kazi iliyofuata ilifanywa na mkono wa kulia peke yake. Kwanza alipapasa ndani ya ufa, polepole, kama mtu anayetafuta mlango gizani. Alikuwa akitafuta mahali ambapo ufa ni mpana juu na unabana chini. Akachagua fundo bila kutazama, akalisukuma ndani kwa kijiti laini, akalivuta chini. Hakuridhika. Akalitoa, akaligeuza upande ule mnene uelekee kwenye mbano, akalirudisha, akalivuta tena, safari hii kwa nguvu. Nyuzi zikajibana, zikakubali umbo la jiwe.

Hilo ndilo nililolitazama kwa mapenzi makubwa kuliko ukwezi wenyewe. Fundo dogo mno litapenya na kuanguka nawe; kubwa mno halitaingia ndani ya kutosha. Lililokaa vizuri linaweza bado kung'olewa na kamba yako mwenyewe inapolivuta kuelekea juu, ndiyo maana alikirefusha kitanzi kwa kingine kabla ya kuendelea. Na hakuna wa kumhakikishia. Ni kidole chake na kumbukumbu ya maelfu ya mafundo aliyoyapanga kabla ya hilo.

Nimekulia Pangani nikiwatazama wakwezi wa minazi, peku, kitanzi cha kamba miguuni, na nilidhani ufundi ule hauna ndugu. Ninao ushahidi sasa kwamba unaye. Bernd Arnold wa Hohnstein, aliyefungua mamia ya njia katika minara hii, alijulikana kwa kuikwea peku. Ukiwa na jiwe linaloumia, nyayo ni kiatu cha adabu. Mkwezi Fritz Wiessner naye alifundwa kwenye jiwe hilihili la mchanga kabla ya kuhamia Marekani mwaka 1929, na miaka kumi baadaye alipungukiwa na mita zisizofika mia tatu tu kukifikia kilele cha mlima K2.

Nilipofuata, nikiwa nimeshikwa na kamba kutoka juu, kazi yangu ilikuwa kuyatoa mafundo. Lile la kwanza lilinigomea. Nikalivuta.

"Usilivute, mwanangu," sauti ilishuka. "Lisukume lirudi lilikotoka."

Nikatia kijiti chini yake, nikalisukuma juu taratibu, likaachia kama jino la mtoto. Nilichungulia ndani ya ufa kutafuta alama. Palikuwa na jiwe tu.

Kileleni kulikuwa na kisanduku cha chuma, na ndani yake daftari na penseli. Tuliandika tarehe na majina yetu chini ya watu waliopita wiki mbili kabla. Kisha mama akaketi, akavimwaga vitanzi mapajani, akaanza kuyapitia mafundo moja moja, akipuliza chembe za mchanga na kuyabonyeza kwa kidole gumba. Alipofika la saba alisita. Akalileta karibu na macho, akalifungua lote, akaunyoosha uzi kwenye goti lake, akaanza kulifunga upya.