Beki wa hoki kwenye skrini na deni lake

Anayetengeneza gemu ya hoki ya barafu hasumbuliwi na mshambuliaji. Mshambuliaji ana chenga, ana pasi, ana shuti, na kila anachobonyeza kinaonekana papo hapo. Anayesumbua ni beki. Beki mzuri hufanya sehemu kubwa ya kazi yake bila kugusa chochote: anarudi kinyumenyume, macho kwa mwenye kisahani, anambana taratibu kuelekea ukutani mpaka njia zote ziishe. Sasa mpe kijana pedi umwambie kazi yake leo ni kukaa mahali panapofaa. Hatakaa. Atabonyeza.

Hapa Beechmont, kusini mwa Louisville, vijana wengi wa familia zilizotoka Kongo na nchi jirani wameujua mchezo huu kwenye skrini kabla ya kuuona uwanjani, kwa sababu Louisville haina timu katika ligi ya NHL. Columbus wana Blue Jackets, Buffalo wana Sabres, na binamu wa miji hiyo mitatu wanakutana mtandaoni jioni. Ubishi wao ni uleule kila siku. Anayecheza mbele analalamika kwamba beki analindwa na gemu, na anayecheza nyuma anasema gemu nzima imetengenezewa washambuliaji. Mimi niko upande wa mabeki.

Tuanze na gemu ya Nintendo iliyoitwa Ice Hockey, ya mwaka 1988. Haikujali nani ni beki na nani ni fowadi. Ulipanga wachezaji wanne mbele ya kipa, kila mmoja ukamchagulia mwili: mwembamba, wa kati au mnene. Mwembamba alikuwa na kasi na hodari wa kuwahi kisahani refa anapokiangusha, lakini shuti lake lilikuwa dhaifu na akikumbwa alianguka. Mnene alipiga shuti zito na hakung'oka kirahisi, ila alijikokota. Kwa hiyo nguvu ya kila mwili ililipiwa na udhaifu wa mwili huohuo, na ukipanga wanene wanne ulijua mwenyewe utakachokipata. Ni mpango mdogo sana, na mpaka leo naona ni wa haki kuliko mingi iliyofuata.

NHL '94, iliyotoka mwaka 1993, ilionyesha jinsi mizani inavyovurugika bila mtu kukusudia. Katika toleo la Sega Genesis, hesabu ya uzito wakati wa kukumbana ilikaa kinyume: mchezaji mwepesi alimwangusha mzito kwa urahisi zaidi. Beki mwenye mwili mkubwa akapokonywa silaha yake ya asili. Na gemu hiyohiyo ndiyo iliyoleta shuti la kuunganisha pasi bila kutuliza kisahani. Ukichukua Buffalo ya wakati ule, ambayo msimu wa 1992–93 ilikuwa na Alexander Mogilny aliyefunga mabao 76 na Pat LaFontaine aliyefikisha pointi 148, unaelewa mwenye mabeki alikuwa na usiku mrefu kiasi gani.

Mageuzi makubwa yalikuja na kijiti cha kulia cha pedi. NHL 07, ya mwaka 2006, ilikifanya kijiti hicho kuwa gongo la mshambuliaji: ukisukuma kushoto na kulia unapiga chenga, ukivuta nyuma kisha mbele unapiga shuti. Beki alisubiri hadi NHL 09, miaka miwili baadaye, ndipo naye akapata gongo lake. Kabla ya hapo kudonoa kisahani kulikuwa kubonyeza tu na kuomba Mungu. Sasa aliweza kushikilia kitufe na kulizungusha gongo kwa dole gumba, akaifunga njia ya pasi kabla pasi haijapigwa. Hatimaye kukaa mahali panapofaa kukawa kitendo cha vidole, chenye ustadi wa kujifunza, na nadhani hapo ndipo ubeki ulipozaliwa kweli kwenye skrini.

Lakini deni la beki, la kulipia makosa yake kwa bei kubwa kuliko mshambuliaji, halikufutwa. Angalia kinachotokea mshambuliaji anapomzunguka beki kwa nje. Beki anadonoa akiwa amechelewa kidogo, gongo linagusa mguu badala ya kisahani, gemu inahesabu amepiga mtama, na timu yake inabaki pungufu kwa dakika 2. Mshambuliaji naye akikosea chenga, anachopoteza ni kisahani tu. Kosa la kidole kimoja, bei mbili tofauti kabisa.

Ongeza mtandao. Gemu hizi huchora picha 60 kwa sekunde, maana yake kila picha inadumu kama milisekunde 17. Mawasiliano kati ya Beechmont na Buffalo yakichelewa milisekunde 60, ni picha tatu na zaidi zimekupita. Mshambuliaji haumii sana, kwa kuwa yeye ndiye anayechagua wakati wa kuanza chenga. Beki anajibu alichokiona, na alichokiona tayari ni cha zamani. Lawama nyingi za "umelala" ambazo mabeki wanatupiwa zinatoka hapa.

Nikiulizwa ni lini mambo yalinyooka, nitasema NHL 16, ya mwaka 2015. Katika ligi ya mtandaoni ya sita kwa sita, watengenezaji waliacha mtindo wa kila mtu kukuza mchezaji wake kadiri anavyocheza, wakaweka aina maalumu za wachezaji zenye uwezo uliopangwa. Beki wa kukaba alijulikana nguvu yake, na fowadi wa chenga vilevile. Aliyeshinda alishinda kwa mikono. Vipaji maalumu vilivyoletwa na NHL 22, mwaka 2021, vina mvuto wake, siwezi kukataa, lakini vimerudisha mchezo mahali ambapo fowadi mwenye kipaji sahihi anaruka hesabu ambayo beki bado anailipa.

Wapo wanaosema beki akiongezewa nguvu gemu itadorora. Wamwangalie Zach Werenski wa Columbus. Msimu wa 2024–25 beki huyo alifunga mabao 23 na kutoa pasi 59 za mabao, akaongoza timu nzima kwa pointi. Ubeki wa leo ni kukaba na kuanzisha mashambulizi, na gemu inayomwadhibu beki kila anaponyoosha gongo inamzuia kufika hata huko kwenye kushambulia.

Kwa wanaocheza nyumba moja, nje ya mtandao, dawa ipo kwenye mipangilio. Kuna mizani ya kurekebisha usahihi wa kudonoa na wingi wa adhabu za mtama. Shusha hiyo ya mtama kidogo tu, ya kudonoa usiiguse, maana ukiipandisha beki atarudia kubonyeza ovyo. Kisha mwambie anayecheza nyuma ashike kitufe cha L2 mapema, ageuke kumkabili mshambuliaji kabla hajafika mstari wa buluu, na asidonoe mpaka kisahani kiwe mbele ya viatu vya mwenzake.