Majoka hatawali peke yake: Nani aliila keki?

Miaka ile tamthilia ya Kigogo ilipokuwa ikitahiniwa, niliwapa wanafunzi wangu hapa Siongiroi swali ambalo kila mwalimu wa fasihi amewahi kulitunga: 'Fafanua mbinu anazotumia Majoka ili kusalia mamlakani.' Nilitarajia hoja kumi. Msichana mmoja wa kiti cha nyuma aliandika sentensi moja tu, kwamba Majoka anatawala kwa sababu keki ililiwa. Nikampa sufuri. Nikaongeza kwa wino mwekundu: 'Jibu swali.'

Leo nataka kukiri kwamba alikuwa amelijibu, tena vizuri kuliko mwongozo wangu wa kusahihishia.

Sote tunaijua orodha ya mwongozo huo: vitisho, mauaji, ufisadi, propaganda, matumizi mabaya ya polisi. Orodha hiyo si ya uongo. Jabali, mpinzani wa Majoka, ameuawa. Tunu anaumizwa mguu. Soko la Chapakazi linafungwa. Kasoro yake ni kwamba kila kitendo kimewekwa mkononi mwa dikteta. Raia amebakishiwa kazi moja tu, kuumia. Mwanafunzi akikariri hivyo miaka minne, anatoka shuleni akiamini kwamba udhalimu ni jambo linalofanywa na mtu mwingine, mbali, Ikulu huko.

Hebu turejee kwenye tamthilia yenyewe. Pauline Kea hatuanzishii na bunduki. Anatuanzishia karakana ya wachonga vinyago, na keki ya sherehe za uhuru inaletwa pale. Sudi anaikataa. Wenzake wanaila. Keki hiyo imeokwa na Asiya, mkewe Boza, ambaye pia ana kibali cha kuuza pombe haramu. Kibali, zabuni ya keki, kipande cha keki: kila kimoja ni kidogo, na kila kimoja kina mtu aliyeunyosha mkono kukipokea. Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi. Majoka analijua hilo kuliko wapinzani wake wote.

Je, madhalimu huyapataje hayo mamlaka kwanza? Hapa Kidagaa Kimemwozea (2012), riwaya ya marehemu Ken Walibora, ina jibu lililonyooka zaidi: karatasi. Mtemi Nasaba Bora anajitajirisha kwa hati za ardhi alizozighushi, baada ya mlowezi kuondoka. Jina lake lenyewe ni hati ya aina fulani. Ni dai la ubora ambalo hakuna aliyelikagua.

Wasomaji wa upande wetu huu wana sababu ya kuusoma ukurasa huo polepole. Panda kutoka hapa Siongiroi, kwenye mahindi na ng'ombe wetu, uelekee Kericho, utaona majani chai yakitanda vilima hadi macho yachoke. Sehemu kubwa ya ardhi hiyo ilitwaliwa enzi za ukoloni, na ilitwaliwa kwa hati na mihuri. Mwaka wa 1934 serikali ya kikoloni ilitunga sheria mahususi ya kuwahamisha watu wa ukoo wa Talai, viongozi wa kiroho wa Wakipsigis, wakapelekwa Gwassi, mbali na kwao. Walihamishwa kisheria kabisa! Ndiyo maana siafikiani na wanaosema kwamba Nasaba Bora ametiwa chumvi mno. Walibora alimchora mrithi wa ofisi ambayo tayari ilikuwa imefundishwa kazi.

Tukija kwenye suala la kusalia, Kifo Kisimani (2001) ya Kithaka wa Mberia inasema jambo zito zaidi. Mtemi Bokono ana askari, ana gereza, ana washauri wanaomsifu kutwa. Hata hivyo, vyote hivyo havimmalizi Mwelusi. Anayemmaliza ni Gege, ndugu yake wa tumbo moja, aliyeahidiwa binti ya mtemi. Mwandishi angeweza kumpa askari kazi hiyo. Hakumpa, kwa kuwa askari angetuachia kisingizio.

Shaaban Robert aliyaona haya mapema. Katika Kusadikika (1951), wajumbe sita wanatumwa pande zote kutafuta maarifa ya kuinufaisha nchi, na kila anayerejea anatiwa gerezani. Sita, jameni! Wa kwanza alipofungwa, nchi ilinyamaza. Wa pili vilevile. Hadi Karama anasimama mahakamani kuwatetea, kimya kimekuwa desturi, na waziri Majivuno anaitumia desturi hiyo kama sheria.

Nina lalama moja kwa waandishi wetu. Miisho yao ina haraka. Nasaba Bora anajitia kitanzi, Majoka anaangukia langoni pa soko, mfalme wa Kusadikika anashawishika kwa hoja. Msomaji anafunga kitabu akiwa ametulia, ilhali waliokula keki bado wapo, na njaa yao ipo. Kwangu mimi, tukio la ukombozi wa kweli katika Kigogo ni dogo kuliko umati ule wote: mkuu wa polisi, Kingi, anaamriwa awafyatulie watu risasi, anakataa. Mkono uliozoea kutii umekataa mara moja, na utawala mzima umelegea. Hilo ndilo jibu la keki.

Watu wa hapa kwetu wanaelewa kwamba maziwa hutoka kwa ng'ombe, lakini mursik hutengenezwa na kibuyu. Kibuyu kisipoandaliwa, kikasuguliwa kwa mkaa wake, maziwa yatachacha tu. Nawasihi walimu wenzangu tuwafundishe wanafunzi kukitazama kibuyu pia. Katika mtihani ujao, badala ya kuuliza mbinu za Majoka peke yake, tuulize: 'Ungekuwa Boza, watoto wanalala njaa, keki imeletwa. Ungefanyaje?' Sina hakika ningelijibu vipi mimi mwenyewe. Uchaguzi unakaribia kila baada ya miaka mitano, na noti za mia mbili huanza kutembea mikononi mapema. Nimewahi kupokea moja. Nilijiambia ni nauli.

Msichana yule alikwisha kuhitimu zamani. Karatasi yake sinayo, na alama zile siwezi kumrudishia. Nilichoweza kufanya ni kuuchana mwongozo wangu, nikaanza kuandika mwingine.