Mwamba Uliosuguliwa Hadi Kupitisha Nuru

Ipo kazi ya mikono ambayo wachache huisifu: kusugua kipande cha mwamba mpaka kibaki na unene wa milimita 0.03, nuru ipite ndani yake. Fundi hukata jiwe kwa msumeno wa almasi, hukigandisha kipande juu ya kioo, kisha hukisugua kwa unga mkali, kila hatua unga laini kuliko wa kabla. Kipimo chake cha mwisho ni rangi. Hukiweka kipande chini ya hadubini, kati ya vichujio viwili vya nuru vilivyopishana, akatafuta punje ya kwatsi. Ikiwa ya manjano, kipande bado ni kinene. Ikipauka na kuwa ya kijivu, asimame hapo hapo, kwani akizidisha kidogo tu, kilichodumu mamilioni ya miaka kitageuka tope.

Naistahi kazi hii kwa sababu ya kinachofunuliwa nayo. Jiwe tumezoea kulihesabu kuwa kitu kilichotulia, lakini mwamba ukizama chini sana na kupata joto la nyuzi 600, atomu zake huhama ingawa wenyewe haujayeyuka. Kila fuwele ina mapengo, yaani mahali pa atomu pasipo na atomu. Atomu ya jirani ikitikiswa na joto hulirukia pengo, nayo huacha pengo jipya nyuma yake, kama waumini katika safu ya sala: mmoja akitoka, wa pembeni husogea. Hakuna atomu inayojua iendako. Hata hivyo, miruko mingi isiyo na shabaha huleta mwelekeo, kwani kilichorundikana hupungua na palipopungukiwa huongezeka. Mwanasayansi Adolf Fick aliiandika kanuni hiyo mwaka 1855. Humo mna jambo ambalo msomaji wa miamba hatembei bila nalo: umbali ukiwa mara mbili, muda huwa mara nne. Ndiyo maana safari nyingi za atomu hukatikia njiani, mwamba ukapoa kabla hazijafika. Zingefika zote, tusingekuwa na cha kusoma.

Fuwele ya ganeti ndiyo inayohifadhi safari hizo vizuri kupita zote. Inapoanza kukua hunyakua manganisi kwa pupa, hivyo kiini hushiba na ukingo hubaki na kidogo. Ikikaa juu ya nyuzi 700 hivi kwa mamilioni ya miaka, tofauti hiyo hufutika. Joto likiwa la chini zaidi, hubaki. Kalsiamu huhama polepole kuliko manganisi, kwa hiyo fuwele moja huweza kutunza kumbukumbu za nyakati mbili. Na mwamba unapopanda na kupoa, ukingo wa ganeti hubadilishana chuma na magnesi na madini ya mika yaliyo jirani. Upana wa ukingo huo hutueleza upoaji ulichukua muda gani. Macho hayaoni lolote kati ya haya, maana ganeti chini ya vichujio vilivyopishana ni nyeusi tupu. Ilibidi tungoje chombo cha mwanafizikia Raymond Castaing, aliyekieleza katika tasnifu yake huko Paris mwaka 1951: miale ya elektroni hugonga doa la kama mikroni moja, nalo doa hutoa eksirei zinazotaja kila elementi iliyomo. Chombo hicho nacho hudai uso uliong'arishwa barabara, kwa hiyo tunarudi kwa fundi yule yule.

Miamba ya namna hii tunayo karibu. Katika ukanda wa Usagara, Tanzania, kuna ekilojiti, mwamba wa ganeti na piroksini ya kijani, ambayo watafiti walitangaza mwaka 1995 kuwa ina umri wa miaka bilioni 2 hivi: ushahidi kwamba hata zama hizo ganda la dunia lilikuwa likizama kilindini.

Lakini usomaji ninaoustaajabia kuliko wote ni wa mwanajiolojia Dugald Carmichael, wa mwaka 1969. Kianiti na silimaniti ni madini ya mchanganyiko mmoja, alumini, silikoni na oksijeni. Joto likizidi, mtu angetarajia la kwanza ligeuke la pili papo hapo. Katika vipande vyake haikuwa hivyo. Kianiti ilikuwa ikiliwa na mika, na silimaniti ikichipuka kwingine, ndani ya mika. Akaelewa kwamba alumini haikutembea, bali vilivyotembea ni vyepesi vinavyobebwa na maji kidogo yaliyo kati ya punje, potasiamu ikiwemo. Mika ikijengwa hapa ilibomolewa pale, na mwisho wa hesabu kianiti imekuwa silimaniti bila hizo mbili kugusana. Jibu lote lilikuwa kwenye kingo za mika, na mika ni madini ya matabaka: fundi akiharakisha, hung'oka na kuacha tundu.