Mgema, Msifu na Kalenda ya Majilio

Mithali isemayo "Mgema akisifiwa tembo hulitia maji" imefundishwa shuleni miaka mingi, na maelezo yake hayabadiliki: mgema alisifiwa, akaingiwa na kiburi, akaharibu kazi yake. Mimi nami niliyafundisha hivyo kwa muda wa miaka kumi na mitano. Lakini Desemba moja nilikaa Korogwe nikionja bia za kigeni pamoja na rafiki zangu, na tangu hapo nashuku kwamba mwenye kosa katika mithali hii si mgema.

Kisa chenyewe ni hiki. Mwenzangu aliyerudi kutoka Ujerumani aliniletea kalenda ya Majilio, na kwa ajili ya uzito wake hajaacha kunilaumu mpaka leo. Msomaji asiyepata kuiona aelewe kwamba ni sanduku la karatasi ngumu lenye vidirisha 24, ambavyo hufunguliwa kimoja kimoja kila siku tokea tarehe 1 Desemba hata mkesha wa Noeli. Desturi hii ilianzia huko huko Ujerumani. Zamani nyuma ya kidirisha palikuwa na picha, baadaye peremende na chokoleti. Siku hizi ziko zenye bia, kila kidirisha na bia yake.

Tulikuwa watu wanne: mwalimu mstaafu, mzee mmoja aliyekuwa karani katika shamba la mkonge, fundi cherehani, na mimi. Fundi ni Mwislamu asiyegusa kileo. Kazi yake ilikuwa kushika kalamu. Tulikata shauri kwamba kila bia ipewe alama juu ya 10, kama mitihani. Basi tukaonja. Siku moja ilitoka bia nyeusi yenye harufu ya kahawa iliyoungua kidogo. Siku nyingine bia ya ngano, yenye ukungu kama maji ya mchele, ikinukia ndizi mbivu ingawa haikutiwa ndizi hata moja, kwa kuwa harufu ile huzaliwa na hamira yenyewe. Kisha ikaja bia ya moshi, ya namna ipikwayo katika mji wa Bamberg, ambako kimea hukaushwa juu ya moto wa kuni. Mzee karani aliinusa, akaiweka chini, akasema, "Hii ni ng'onda." Tukacheka sana. Fundi akauliza, "Niandike ngapi?" Tukamwambia saba.

Yapata siku ya kumi na tano fundi alitusomea daftari. Karibu kila bia ilikuwa na sita, saba au nane. Akasema, "Jamani, nyinyi mnasema maneno mengi mazuri, nami naandika saba tu." Hakuwa na nia ya kutufundisha uhakiki, bali alikuwa amechoka kuandika saba.

Maneno ya mzee karani hayakutoka hewani. Reli ya kutoka Tanga ilipita Korogwe tangu enzi ya Wajerumani, na mkonge ukavuta watu kutoka pande zote. Tangu mwaka 1944 ilikuwako hata ofisi ya waajiri, SILABU, ya kuwaandika na kuwasafirisha manamba. Kila kundi lilikuja na kumbukumbu ya kinywaji cha kwao: huyu ulanzi wa mianzi, yule mbege ya ndizi na ulezi, wa tatu wanzuki ya asali, na hapo karibu milimani Usambara wakawakuta watu wa pombe ya miwa. Watu wa namna hiyo wakikaa kibaraza kimoja hawawezi kuridhika kusema "nzuri", maana kila mmoja ana nzuri yake. Yawapasa waseme changa, imeiva, imelala, imechacha, inakata ulimi, ina maji. Msamiati huu ni wa wahakiki, na sijaona mahali tulipoukusanya sisi wenye kazi ya kukusanya.

Tarehe 23 nilikwenda Handeni kwa shughuli nyingine, mwendo wa kilomita 65 hivi, nikapelekwa kwa bibi mmoja apikaye pombe ya mahindi. Mahindi huloweshwa, hufunikwa mpaka yakachipua, huanikwa na kusagwa. Unga wa kimea hicho hutiwa katika uji uliopoa, uji ukalegea na kuwa mtamu, ndilo togwa. Likiachwa likachacha, ndiyo pombe. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, akanipa kata. Nikanywa, nikasema, "Nzuri sana, bibi."

Hakunishukuru. Akasema, "Nzuri namna gani, mwanangu? Juzi mvua ilinyesha, kimea hakikukauka vyema. Wewe hukusikia uvundo?"

Kweli niliusikia. Nilinyamaza kwa adabu, au kwa kile nilichokiita adabu. Nilipokiri, alimwita mjukuu wake akamwagiza mtungi ule usiuzwe kwa bei ya siku zote. Kisha akaniambia, bila ya ukali wowote, "Nyote mkisema nzuri, nitajuaje kwa nini kesho hamji?" Mtungi ule ndio chakula cha nyumba yake, na daftari za wajukuu watatu.

Turudi sasa kwenye mithali. Haisemi kwamba mgema alijisifu; yasema alisifiwa. Na wanywaji walimsifu kwa neno gani? Nadhani ni neno kama langu la Handeni. Tembo hubadilika kwa saa: ligemwalo alfajiri ni tamu, jioni ni kali, na likikaa siku nyingi huwa siki. Mnywaji asemaye "hili ni tamu kama la jana asubuhi, ila limepungua ukali" hawezi kutiliwa maji asijue, na mgema anafahamu hivyo. Lakini asemaye "zuri" kila siku amekwisha kutoa hati ya ruhusa. Kwa hiyo mithali haikatazi sifa. Yaonya juu ya sifa isiyoonja.

Mtu atanijibu kwamba alama zina faida yake, nami sipingi kabisa. Bia ya kiwandani, iwe Safari iliyoanza kuuzwa mwaka 1977 au Kilimanjaro ya mwaka 1996, hupikwa ili chupa ya Korogwe isitofautiane na chupa ya Mwanza; kitu kisichobadilika chaweza kuvumilia tarakimu. Utungo hauko hivyo. Na bado wanafunzi wetu hufunga kila uhakiki kwa vichwa viwili, "kufaulu kwa mwandishi" na "kutofaulu kwa mwandishi", na chini ya kichwa cha kwanza huandika kwamba ametumia lugha nyepesi inayoeleweka. Hiyo ni saba ya fundi wetu. Nimeipa vema mara nyingi mno.

Nimefanya na baya zaidi. Miaka kadhaa iliyopita kijana mmoja aliniletea mashairi yake, nikaandika kwamba ni mazuri na lugha yake ni ya kuvutia. Niliona vina vilivyolazimishwa, na beti zilizorudia wazo moja mara tatu. Sikusema, kwa kuwa alikuwa mpole na mimi nilikuwa na haraka. Mkusanyo wake wa pili ulikuwa maji matupu. Nilipomwambia, alinitazama kwa mshangao wa kweli, akasema, "Lakini mwalimu, hivi ndivyo ulivyovisifu."

Jioni ya tarehe 24 nilikuwa nimerudi Korogwe. Tulifungua kidirisha cha mwisho, na kabla hatujaonja niliwasimulia habari za bibi wa Handeni. Mzee karani aliomba daftari na kalamu. Akapekua nyuma mpaka bia ya moshi, akaikata ile saba, na kando yake akaandika kwa mwandiko wake wa ofisini: "Ng'onda. Inywewe na muhogo wa kuchoma, wakati wa mvua." Kisha akafungua ukurasa wa bia ya ngano, akatuuliza ile ndizi ilikuwa ya namna gani.