Pesa Kidogo ya Kinga: Fundi wa Kuchomelea Aanze Wapi?

Ukipita Gerezani jijini Dar es Salaam au Kamukunji kule Nairobi utawakuta mafundi wa kuchomelea wamevaa kila namna ya nguo: ovaroli ya buluu, jezi ya mpira, suruali ya kitambaa, hata kandambili. Lawama zote huangushiwa umaskini. Fundi hana hela ya vifaa, basi, mjadala umefungwa. Maelezo hayo yana ukweli, lakini hayatoshi. Jezi ile nayo ilinunuliwa. Ovaroli mpya inayong'aa dukani huweza kumgharimu fundi zaidi ya shati zito la pamba la mtumba ambalo lingemkinga vizuri kuliko hiyo ovaroli. Hoja yangu ni kwamba hela yenyewe, hata ikiwa kidogo, hutumika kwa mpangilio uliopinda: inamwagwa kwenye vazi la mwili, ambako ingeweza kuokolewa, na inabanwa kwenye kioo cha macho, ambako haibaniki.

Tuanze na vazi, maana ndiko upotevu ulipo. Tone la chuma kinachoyeyuka linaporuka kutoka kwenye rodi huwa na joto lililozidi nyuzi 1,000 za Selsiasi. Poliesta huyeyuka kwenye nyuzi 250 hivi, na nailoni haiko mbali na hapo. Maana yake ni kwamba cheche ikitua kwenye jezi, kitambaa hugeuka uji wa moto unaonata kwenye ngozi na kuendelea kuchoma hata cheche yenyewe ikishapoa. Pamba haiyeyuki. Hugeuka mkaa, hutoboka, na ikizidiwa hushika moto, ila haikuachii gundi mwilini. Sufu ni bora zaidi ya pamba, kwa sababu hushika moto kwa shida na huelekea kuzimika yenyewe mwali ukiondolewa. Sasa ovaroli nyingi za bei nafuu ni mchanganyiko wa poliesta na pamba, mara nyingi 65 kwa 35, na neno "kazi" lililoandikwa kwenye mfuko wake halibadilishi hesabu hiyo.

Namna ya kujua ni rahisi na haina gharama. Chomoa uzi mmoja kwenye pindo la ndani, ushike kwa koleo, uusogeze kwenye mwali wa kiberiti. Uzi wa pamba huwaka, hunuka kama karatasi iliyoungua na kuacha jivu laini la kijivu linalopeperuka. Wa sufu hunuka nywele zilizoungua, na kijivimbe kinachobaki husagika ukikifikicha. Poliesta hujikunja na kuukimbia moto kabla haujaigusa, kisha huacha kishanga cheusi kigumu ambacho kucha haikivunji. Ukiona jivu na kishanga kwa pamoja, hapo kuna mchanganyiko, rudisha nguo kwenye fungu. Jaribio hili ndilo linalofanya soko la mitumba la Gikomba au la Karume liwe duka zuri la vifaa vya kinga kwa anayejua kuchagua: jinzi nzito zisizovutika, mashati ya kadeti, makoti ya sufu ambayo watu wa pwani hawana haja nayo. Chagua rangi iliyokoza, kwa kuwa nguo nyeupe huurudisha mwanga juu hadi ndani ya ngao ya uso, na fulana nyembamba hupitisha sehemu ya miale. Suruali isiwe na pindo la kukunjwa wala nyuzi zilizochakaa zinazoning'inia; hapo ndipo cheche hujificha. Ngozi ya aproni nayo iwe ngozi kweli, kwa sababu raksini ya sofa kuukuu ni plastiki tu.

Atasema mtu kwamba nguo maalumu za kuchomelea zipo, zina viwango, na mtumba hauna. Ni kweli. Kiwango cha ISO 11611 hugawa nguo hizo katika daraja la 1 na la 2 kwa kupima, pamoja na mengine, idadi ya matone ya chuma ambayo kitambaa hustahimili: 15 kwa daraja la kwanza, 25 kwa la pili. Anayechomelea juu ya kichwa chake, ndani ya tangi, au kwa umeme mkubwa siku nzima anahitaji nguo hizo, na hapo mtumba hautoshi. Lakini fundi wa mageti na madirisha, anayetumia rodi za milimita 2.5 na 3.2 juu ya meza au chini sakafuni, anaweza kuongeza aproni na mikono ya ngozi juu ya pamba nzito na kufunika sehemu zinazopokea cheche nyingi. Mgongo ukabaki wazi kwa hewa, jambo linalojibu pia malalamiko ya joto, ambayo kwa hali ya hewa ya Dar si ya kubezwa. Jasho lina hatari yake: glovu iliyolowa hupitisha umeme, na mashine isiyo na mzigo huweza kutoa volti 80. Jozi ya pili ya glovu, inayokauka juani wakati ya kwanza iko kazini, ina faida kuliko koti zima la ngozi.

Kwenye macho hakuna mtumba. Giza la kioo peke yake si kipimo cha kinga. Miwani ya jua huipumbaza mboni ikafunguka zaidi, huku miale ya urujuanimno na ya joto ikiendelea kupita pembeni na katikati. Kinachotakiwa ni kioo chenye namba, 10 kwa rodi nilizotaja, na kioo cheupe cha kukikinga mbele ambacho hubadilishwa kikijaa matone. Fundi mkongwe atadai macho yake yamezoea. Konea haizoei: huungua leo, na maumivu kama ya mchanga huja saa kadhaa baadaye, usiku, ndiyo maana wengi hawayaunganishi na kazi ya mchana.

Kwa mwenye karakana, sheria za usalama na afya mahali pa kazi, ya Tanzania ya mwaka 2003 na ya Kenya ya 2007, zinamtwika mwajiri jukumu la kumpa mfanyakazi vifaa vya kinga. Utekelezaji ukianza na bajeti ndogo, mpangilio uwe huu: kioo, glovu, viatu vilivyofunika mguu, kisha pamba, ngozi mwisho. Na kioo hicho kihesabiwe kwa vichwa. Kijana anayeshikilia bomba huku amegeuza uso na kufumba macho yuko karibu na mwanga ule ule kama fundi wake. Kioo chake kinatangulia aproni ya bosi.