Jumba la Mchongaji Mmoja

Mwaka 1921 mji wa Oslo, ambao wakati ule bado uliitwa Kristiania, ulipatana na mchongaji Gustav Vigeland hivi: mji utamjengea karakana na makazi, naye atauachia kazi zake. Mzee akafa 1943, na 1947 karakana ile ikafunguliwa kuwa makumbusho. Humo mna sanamu zipatazo 1,600 na michoro kama 12,000. Hata majivu yake yamo humo humo, mnarani. Bwana we, huo ndio mkataba!

Mimi Oslo sijafika, kazi hizo nimezitazama pichani tu. Lakini hata pichani unaiona safari ya mkono wa mtu. Ujanani alichonga watu wembamba, wamekonda kwa majonzi. Baadaye wakaja wale wanene, wazito kama magunia. Hawa wa baadaye, kusema kweli, wananichosha: misuli mingi, siri kidogo. Ila ninapata ubavu wa kusema hivyo kwa sababu kazi zote zimewekwa pamoja, zina jina na zina mwaka.

Sasa turudi kwetu Tanga. Mkonge ulioletwa na Dk. Richard Hindorf mwaka 1893 na kupandwa Kikogwe, karibu na Pangani, ndio ulioita manamba kutoka kila upande, wakiwemo Wamakonde wa Msumbiji. Hawa hawakuja na nguvu za kukata mkonge tu, walikuja na kabila zima la ufundi wa patasi. Kisha, mwishoni mwa miaka ya 1950, kule Dar es Salaam, Samaki Likankoa akatoa kinyago cha shetani, kiumbe kilichopindapinda, tundu mahali pa tumbo. Roberto Yakobo Sangwani naye anatajwa kwa dimoongo, ule mnara wa watu waliobebana katika gogo moja la mpingo. Mitindo hiyo haikuigwa Ulaya, wala haikurithiwa kwa babu. Ilikuwa mipya, ya watu wale, miaka ile.

Lakini nenda dukani, nenda kwenye makabati ya vioo, usome kibandiko: “Kinyago cha Kimakonde. Mpingo.” Basi, imetoka hiyo! Ni sawasawa na kukichapa Kusadikika halafu jaladani ukaandika: “Hadithi ya Kiswahili. Karatasi.” Shaaban Robert, mtu wetu wa hapa Tanga, tunaweza kumfuata kitabu kwa kitabu, tukambishia, tukamwona anavyobadilika. Likankoa utamfuata wapi? Kazi zake zilipanda ndege mkononi mwa wageni.

Wapo wanaosema kinyago ni mali ya jamii, eti kudai jina ni ubinafsi wa Kizungu. Sikubaliani nao hata kidogo. Jamii haishiki patasi. Yupo mtu mmoja aliyeamua kutoboa tumbo, wengine wakamfuata. Na tukishalificha jina lake, hatuwezi hata kusema kwamba kinyago fulani ni kibovu. Tutabaki kusifia kabila.

Kigumu ni George Lilanga, aliyefariki 2005. Huyu alianza na kuchonga, akafanya kazi Nyumba ya Sanaa, kisha rangi zikamtangaza duniani. Jina analo, tena kubwa. Lakini alikuwa na wasaidizi wengi, na kazi zenye sahihi yake zilipita mikononi mwao. Jumba la Lilanga lingechukua zipi? Mwenye duka atasema zote, maana sahihi ndiyo bei. Mimi ningeanza na vinyago vya mwanzo, kabla ya umaarufu. Halafu, katika chumba cha pili, ningeweka kazi ya mkono wake na ya msaidizi ubavu kwa ubavu, kila moja na jina la aliyeifanya, mtazamaji akodoe macho mwenyewe.